Hotuba juu ya Tiba ya Umeme kwa Wagonjwa wa Huzuni Nzito

(Ilisomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bisil)

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu waheshimiwa, mama zetu, na Wanachama wenzetu wote,

Halmashauri ilituagiza tulete mbele yenu jambo moja ambalo limezusha maneno mengi mwaka huu, ili kabla ya kupiga kura kila mtu awe amesikia habari zake kamili. Jambo lenyewe ni tiba ya umeme wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa akili, na hasa wale walioshikwa na ugonjwa wa huzuni nzito, ambao siku hizi huitwa sonona.

Wengi wenu mwajua jinsi jambo hili lilivyofika mezani kwetu. Nyumba moja ya wanachama, ambayo hatutaitaja, ina mgonjwa. Ni mtu mzima aliyekuwa na mifugo ya kutosha, na ng'ombe wake karibu wote walikufa katika ukame wa mwaka 2022. Hakulia wala hakulalamika, alinyamaza tu. Kwanza aliacha kuja mnadani, kisha akaacha kuzungumza na watu wa rika lake, na mwisho akaacha kula. Vidonge amemeza kwa miezi mingi wala hakupata nafuu. Daktari amewashauri jamaa zake wakubali tiba ya umeme, nao wamegawanyika. Upande mmoja wasema, "Mtamchoma ubongo, mturudishie gogo." Upande wa pili wasema, "Mkimwacha alivyo, tutamzika." Walikuja kwa Chama kuomba msaada, na Halmashauri ilishindwa kujibu, kwa maana kanuni za Mfuko wetu wa Wagonjwa zataja homa, mifupa iliyovunjika, uzazi na upasuaji, lakini maradhi ya akili hayakutajwa hata kwa neno moja.

Basi yatupasa tujiulize maswali mawili. Je, tiba hii huharibu ubongo? Na kama haiharibu, Chama chapaswa kufanya nini?

Twataka kusema mwanzoni kabisa kwamba wale wanaoiogopa si wajinga. Hofu yao ina asili, na asili hiyo iko karibu nasi.

Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 kuwa mahali pa kufungia wale walioitwa vichaa, na mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Tangu mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na Daktari J. C. Carothers. Bwana huyo aliandika kwamba ugonjwa wa huzuni nzito ni haba mno kwa Waafrika. Mwaka 1951 alizidi mpaka, akaulinganisha ubongo wa Mwafrika mzima na ubongo wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele na wapasuaji. Kwa maneno mengine, Mwafrika alitangaziwa kwamba hana ubongo wa kutosha wa kumhuzunisha. Wataalamu wa baadaye walikuja kuyakanusha hayo. Mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing walitoa taarifa ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, wakaonyesha kwamba huzuni nzito ilikuwa nyingi zaidi huko kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao. Lakini watu ambao baba zao walisemwa hivyo na madaktari, wakisikia leo kwamba daktari ataka kupitisha umeme katika kichwa cha ndugu yao, je, ni ajabu wakisita? Sisi hatuoni ajabu.

Tena tiba yenyewe, ilipoanza, ilikuwa kali kweli. Mwaka 1934 daktari mmoja wa Budapest, jina lake Ladislas Meduna, alianza kuwatia wagonjwa mtukutiko kama ule wa kifafa kwa kutumia dawa. Alidhani kwamba kifafa na kichaa ni maadui, na kwamba kimoja kikiingia kingine hutoka. Dhana hiyo haikuwa kweli, lakini wagonjwa kadhaa walipona, na baadaye ikaonekana kwamba waliofaidika zaidi ni wale wa huzuni nzito. Mwaka 1938, mjini Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini waliacha dawa wakatumia umeme. Cerletti alikuwa amekwenda kwenye machinjio ya Roma, akaona jinsi nguruwe walivyotiwa umeme kichwani kabla ya kuchinjwa. Akatambua kwamba si umeme uliowaua, bali kisu. Wafugaji mliopo mwaweza kufikiri wenyewe jinsi habari ya namna hiyo inavyosikika masikioni mwa mgonjwa.

Katika miaka ile ya kwanza mgonjwa alitiwa umeme akiwa macho. Mwili ulitukutika kwa nguvu zake zote, na wengine walivunjika meno, au mapaja, au pingili za uti wa mgongo. Katika nchi nyingi tiba hiyo ilitumiwa bila kumwuliza mgonjwa, na pengine ilitumiwa kumtisha mtu msumbufu badala ya kumponya. Hayo yalitendeka, wala hayafai kufichwa. Mtu asemaye kwamba tiba hii haikuwahi kumdhuru mtu, msimwamini.

Lakini kisu cha kale na kisu cha mpasuaji wa leo si kimoja. Mwaka 1940 madaktari walianza kutumia dawa ya kulegeza misuli ili mwili usitukutike, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikapatikana dawa bora zaidi ya kazi hiyo. Siku hizi tiba ikifanywa kwa kanuni, mambo huenda hivi. Mgonjwa hupimwa kwanza moyo, mapafu, shinikizo la damu, meno na mifupa. Asubuhi ya tiba hali chakula. Hulazwa kitandani, akapewa dawa ya usingizi kwa sindano, ile iitwayo nusukaputi, kisha dawa ya kulegeza misuli, na mtaalamu wa usingizi humpumulisha kwa hewa safi ya oksijeni. Hapo huwekewa vibati viwili kichwani, na umeme hupita kwa muda wa sekunde chache tu, kwa vipande vifupi vifupi. Ubongo hutukutika kwa muda usiofika dakika moja au unaozidi kidogo, na chombo maalum huandika mawimbi yake, huku mwili umelala na vidole vya mguu vikichezacheza. Baada ya dakika chache mgonjwa huamka. Hufanyiwa hivyo mara 2 au 3 kwa juma, na kwa kawaida jumla huwa kati ya mara 6 na 12.

Kipimo cha umeme hutafutwa kwa kila mtu peke yake. Sisi tunaojua josho la ng'ombe twaweza kulielewa jambo hilo upesi. Dawa ya josho ikiwa nyepesi mno, kupe hubaki. Ikiwa nzito mno, humdhuru mnyama. Na anayepima kwa kukisia si mfugaji. Hivyo ndivyo ilivyo kwa umeme huu. Ukiwa mdogo mno, mtukutiko hautokei wala mgonjwa hapati faida. Ukizidi, kumbukumbu huumia bure.

Sasa twafika kwenye swali la kifo na swali la ubongo.

Kuhusu kifo, mwaka 2017 wataalamu walikusanya taarifa kutoka nchi nyingi, wakahesabu kwamba vifo vilivyotokana na tiba hii ni kama 2 katika kila tiba 100,000. Hatari iliyopo hutokana hasa na moyo na pumzi, kama ilivyo kwa kila mtu anayelazwa kwa nusukaputi. Kwa hiyo mgonjwa wa moyo hapaswi kufanyiwa tiba hii bila kuchunguzwa kwa uangalifu zaidi.

Kuhusu ubongo, wanaouliza kama unachomwa wanastahili kupewa jibu lenye ushahidi. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walizipitia taarifa zote zilizokuwapo za picha za ubongo, za maiti zilizopasuliwa, na za wanyama waliojaribiwa, wasione ushahidi kwamba tiba hii inaua chembe za ubongo. Mwaka 1985 iliandikwa habari ya mgonjwa mmoja aliyepata tiba hii mara 1,250 katika maisha yake. Ubongo wake ulipochunguzwa baada ya kufa haukuonekana kuwa na jeraha lililotokana nayo. Mwaka 2000 wataalamu wa Sweden walipima maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa kabla na baada ya tiba. Ubongo ukiumia, kama vile mtu akipigwa rungu au akipata kiharusi, vitu fulani humwagika katika maji hayo. Kwa wagonjwa wale havikuongezeka. Na mwaka 2018, huko Denmark, zilichunguzwa habari za wagonjwa 168,015 wa huzuni nzito na maradhi yanayofanana nayo, ambao 5,901 kati yao walikuwa wamepata tiba ya umeme. Waliopata tiba hawakuzidi wenzao katika kushikwa na ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni.

Hata hivyo, kusema kwamba ubongo hauchomwi si kusema kwamba haubadiliki. Picha za siku hizi zaonyesha kwamba sehemu moja ndogo iliyo ndani ya ubongo, iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake kubwa ni kutunza kumbukumbu, huongezeka ukubwa baada ya tiba. Baadhi ya wataalamu waliona jambo hilo kuwa dalili ya chembe kuchipua upya, kama nyasi baada ya mvua, kwa kuwa katika panya ilionekana hivyo. Wengine wamesema huenda ni uvimbe wa muda tu. Tena wale ambao sehemu hiyo iliongezeka zaidi si wale waliopona zaidi. Wataalamu hawajamaliza shauri hilo, nasi hatuwezi kulimaliza hapa Bisil. Lililo wazi ni kwamba ubongo waonekana kuguswa, wala hauonekani kuungua.

Basi gharama ya kweli iko wapi? Gharama ni kumbukumbu, na juu ya hilo twawaomba Wazee watusikilize kwa makini.

Mgonjwa anapoamka huwa amechanganyikiwa kwa muda, naye huumwa kichwa au misuli. Hayo hupita. Katika majuma ya tiba hushindwa kushika mambo mapya vizuri, na hilo nalo hupita: mwaka 2010 zilikusanywa taarifa 84 za uchunguzi, zikaonyesha kwamba upungufu huo ni mkubwa katika siku 3 za kwanza, na kwamba baada ya siku 15 nguvu nyingi za akili zimerudi, hata nyingine zimepita vile zilivyokuwa wakati wa ugonjwa. Lakini kuna upungufu wa namna nyingine ambao huenda usirudi, yaani mambo yaliyotokea katika majuma na miezi ya kabla ya tiba, na pengine mambo ya zamani zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa London, ambao baadhi yao walikuwa wamepata tiba hii wenyewe, walionyesha kwamba angalau theluthi moja ya waliotibiwa walilalamika kuwa walipoteza kumbukumbu kwa muda mrefu. Mwaka 2007 uchunguzi wa Marekani ulithibitisha kwamba upotevu huo huwa mkubwa zaidi vibati vikiwekwa pande zote mbili za kichwa, na pia kwa mashine za zamani ambazo umeme wake haukatwi vipande vifupi. Vibati vikiwekwa upande wa kulia tu, upotevu hupungua.

Kuna mtu mmoja mashuhuri ambaye habari zake zatugusa kwa kuwa alipata kukaa katika nchi yetu hii ya Kajiado. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alipiga kambi upande wa Kimana, karibu na Loitokitok, katika safari yake ya mwaka 1953 hadi 1954. Januari 1954 alipata ajali mbili za ndege nchini Uganda, moja karibu na maporomoko ya Murchison na nyingine Butiaba siku iliyofuata, akaumia kichwa vibaya. Baada ya hapo afya yake ilizidi kudhoofika. Tena alikuwa mnywaji sana, na huzuni ikamwelemea. Mwishoni mwa mwaka 1960, na tena mwaka 1961, alipewa tiba ya umeme katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani. Alimlalamikia rafiki yake kwamba tiba ilimpokonya kumbukumbu, ambayo ndiyo mtaji wa mwandishi. Tarehe 2 Julai 1961 alijiua.

Wapo wanaoitumia habari hiyo kuishtaki tiba ya umeme, wakisahau pombe, maradhi, na kichwa kilichogongwa Butiaba. Wapo pia wanaoitetea tiba hiyo hata hawataki kuyasikia malalamiko ya mtu mwenyewe. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea. Mtu akisema kwamba mtaji wake umepotea, yafaa aaminiwe, na tungeuliza mapema mtaji wake ni nini kabla ya kumtia mkononi mwa daktari.

Na je, mtaji wa wazee wetu ni nini? Ni kumbukumbu hiyo hiyo. Mzungu akisahau, hufungua daftari. Kwetu mapatano mengi hayakuandikwa: nani anadaiwa mtamba na nani, ng'ombe yupi aliachwa kwa rafiki wakati wa ukame, mahari ya binti yupi haijakamilika, mpaka wa shamba ulipita mti upi. Mzee akipoteza miezi sita ya kumbukumbu, huenda nyumba yake ikapoteza ng'ombe sita, na ugomvi ukaingia. Kwa sababu hiyo twashauri kwamba kabla ya tiba, mgonjwa akiwa na nguvu za kusema, waitwe mashahidi wawili au watatu wa rika lake, na mambo yake yote ya deni na mapatano yaandikwe, na karatasi hiyo itunzwe na mtu anayemwamini. Kazi hiyo ni ya saa moja, wala haihitaji daktari.

Sasa, kama gharama ni hiyo, faida ni nini? Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza walikusanya majaribio yaliyolinganisha tiba ya umeme na usingizi mtupu bila umeme, wakaona kwamba umeme ulishinda, na kwamba ulizishinda dawa za vidonge pia. Kwa wale ambao vidonge vimewashinda, karibu nusu hupata nafuu kubwa. Mwaka 2022, huko Ontario, Canada, uchunguzi wa wagonjwa wengi waliolazwa hospitali kwa huzuni nzito ulionyesha kwamba waliopewa tiba hii walijiua kwa kiasi cha karibu nusu ya wenzao katika mwaka uliofuata. Ili tusiwafiche neno, wapo wataalamu wanaopinga. Mwaka 2019 John Read na wenzake walisema kwamba majaribio yale ya kulinganisha na usingizi mtupu yalikuwa 11 tu, yote ya kabla ya mwaka 1986, tena mengi hayakufanywa kwa uangalifu. Hoja hiyo ina uzito, na yatufundisha kwamba tiba hii si ya kila mwenye huzuni. Mtu aliyefiwa, au aliyeuza shamba akajuta, hahitaji umeme, ahitaji watu. Tiba hii ni ya yule aliyekataa chakula na maji, au aliyekaa kama mti asiyesema wala kusogea, au aliye karibu kujiua, au ambaye dawa nyingine zimejaribiwa kwa uaminifu zikashindwa. Kwa mtu wa namna hiyo, kungoja nako ni hatari, tena hatari kubwa kuliko zote tulizozitaja.

Kuna jambo moja tena la kutia akilini, na Mweka Hazina alisikie. Tiba hii huinua mtu, lakini haimshikilii. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani waliwafuata wagonjwa waliokwisha kupona kwa umeme. Kati ya wale waliopewa vidonge bandia baada ya tiba, 84 katika kila 100 waliugua tena ndani ya miezi 6. Kati ya wale waliopewa dawa mbili za kweli kwa pamoja, walikuwa 39 katika kila 100. Maana yake ni kwamba Chama kikitoa nauli ya kwenda hospitali kisha kikamsahau mgonjwa, kitakuwa kimejenga boma zuri na kuacha mlango bila mwiba. Fisi ataingia usiku ule ule.

Tugeukie sheria. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022, yataka mgonjwa aelezwe tiba na kuombwa idhini, na asipoweza, mwakilishi wake aombwe. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya sheria za maradhi ya akili, lilishauri kwamba tiba ya umeme bila nusukaputi na bila dawa ya kulegeza misuli ikomeshwe, na kwamba watoto wasipewe tiba hii. Tena Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa, chapingana na Katiba. Kwa miaka mingi jamaa waliwaficha wagonjwa wao kwa kuogopa polisi. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Nasi tumekwisha kusikia vilio vya kutosha katika nchi hii.

Kwa hiyo Halmashauri yashauri kwamba mwanachama yeyote atakayeambiwa habari za tiba ya umeme aulize maswali matano, asione haya.

La kwanza: Je, atalazwa kwa nusukaputi, apewe dawa ya kulegeza misuli na oksijeni, na ni mtaalamu gani wa usingizi atakayekuwapo? Jibu likiwa hapana, jamaa wakatae, watafute hospitali nyingine.

La pili: Moyo wake, shinikizo la damu, mifupa na meno yake vimepimwa?

La tatu: Vibati vitawekwa upande mmoja au pande zote mbili, na kwa nini?

La nne: Mgonjwa mwenyewe ameelezwa juu ya kumbukumbu, kwa lugha anayoielewa, naye amekubali? Kama hajui Kiswahili wala Kiingereza, na aelezwe kwa Kimaasai.

La tano: Baada ya tiba atatumia dawa gani, kwa muda gani, na atapimwa na nani?

Daktari mwema hatakasirika kwa maswali hayo. Anayekasirika amekwisha kuwajibu.

Wapo waliotuuliza kama Chama chataka watu waache maombi au waache ushauri wa wazee. La, hasha. Mgonjwa wa huzuni nzito ahitaji kuombewa, ahitaji kutembelewa, ahitaji rika lake liketi naye hata kama hasemi neno. Lakini mtu aliyevunjika mguu huombewa na kufungwa mguu pia. Jambo ambalo Chama hakiwezi kulikubali ni mgonjwa kufungwa kamba ndani ya nyumba mwaka mzima, huku jamaa wakibishana kama umeme ni mbaya. Kamba nayo huharibu, wala hakuna mtu aliyetudai ushahidi wake.

Bwana Mwenyekiti, kwa heshima twaomba kutoa hoja ifuatayo, ili Mkutano huu uijadili na kuipigia kura:

Kwamba neno "maradhi" katika kanuni za Mfuko wa Wagonjwa lihesabu maradhi ya akili sawasawa na maradhi ya mwili. Kwamba Mfuko ulipe nauli ya mgonjwa na ya jamaa mmoja wa kumsindikiza, pamoja na sehemu ya gharama ya dawa kwa miezi 6 baada ya tiba. Kwamba Halmashauri imchague mjumbe mmoja wa kwenda na jamaa hospitalini, wakitaka, awasaidie kuuliza maswali yale matano. Na kwamba uamuzi wa kukubali au kukataa tiba ubaki kwa mgonjwa na jamaa zake, wala Chama kisimlazimishe mtu wala kumnyima msaada kwa sababu ya uamuzi wake.

Mtu akipoteza ng'ombe, sisi huchangiana mitamba, naye huanza tena. Twaomba Mkutano ukubali kwamba mtu aliyepoteza nguvu za kuanza tena naye achangiwe. Hoja iko mbele yenu, na Wazee ndio wa kwanza kusema.

Wenu katika utumishi,
Karani wa Chama